Nice hadi Monaco kwa siku moja: maswali tunayoulizwa kila mara

Safari yetu ni ya siku nzima kwenye Côte d'Azur, kusini mwa Ufaransa: Antibes, Cannes, Èze na Monaco. Tunaanzia Nice na kurudi Nice, watu wasiozidi 8, maelezo kwa Kiswahili. Maswali tumeyaacha karibu na yanavyotufikia kwenye simu.

Siku yenyewe inakwendaje?

Tunaondoka Nice saa 2:30 asubuhi (kwenye tiketi imeandikwa 08:30, usije ukajitokeza saa nane mchana). Tunakwenda magharibi kwanza, Antibes, kwa sababu ya soko. Marché Provençal, soko la chini ya paa katika mji wa kale, huanza kufungasha mchana, na likishafungwa hubaki paa na harufu ya samaki. Mapema asubuhi unakuta zeituni za kila rangi kwenye mabeseni, jibini ya mbuzi, maua, viungo, na wenyeji wenye vikapu wakibishana na wauzaji.

Kutoka sokoni ni hatua chache hadi kwenye kuta za ngome zinazotazama bahari, zilipo Château Grimaldi ambamo mchoraji Picasso alifanya kazi mwaka 1946 na ambayo sasa ni makumbusho yake. Halafu bandari ya Vauban. Hapa ndipo wageni wengi hukwama, na sisi hatuwaharakishi. Kuna gati ambalo watu hulitania kwa jina la gati la mabilionea, na boti zilizofungwa hapo zina urefu wa jengo lililolazwa. Tazama nyuma ya boti, mahali ngazi inapogusa gati: mara nyingi kuna kikapu cha viatu. Mbao za sitaha huchunika, kwa hiyo hata mwenye mali anavua viatu kabla ya kupanda, kama anavyovua mtu yeyote anayeingia nyumba ya Lamu. Kando yake kijana wa kaptula na fulana safi anafuta chuma ambacho tayari kinang'aa.

Cannes tunakaa muda usiofika saa moja. Kutoka hapo tunashika barabara kuu, tunaipita Nice na kupanda mlima hadi Èze, kijiji cha mawe kilichokaa juu ya mwamba, mita zipatazo 400 juu ya bahari. Hapo ni chakula cha mchana na kutembea. Alasiri tunateremka Monaco, tunakaa zaidi ya saa mbili, kisha tunarudi kwa barabara ya chini inayofuata bahari, tukipita Beaulieu na Villefranche. Nice tunafika kati ya saa 11:30 na saa 12:30 jioni. Anayekuahidi dakika kamili kwenye barabara hizi anakudanganya.

Kwa nini watu 8 tu? Mkiweka basi si bei itashuka?

Itashuka, kweli. Ufaransa, mwenye leseni ya kawaida haruhusiwi kuendesha gari la abiria lenye viti zaidi ya 9, dereva akiwemo. Ndiyo maana safari nyingi za makundi madogo pwani hii ni za watu 8. Ukivuka hapo unahitaji leseni nyingine na gari la aina nyingine, na gari kubwa lina shida zake: Monaco mabasi ya watalii hupelekwa kwenye maegesho yaliyotengwa, mnapanda lifti, mnahesabiwa, mnafuata bendera. Kwa watu 50, kwenda chooni tu ni nusu saa.

Kundi dogo nalo lina ubaya wake. Mmoja akichelewa, wote saba wanamsubiri, na wanamjua kwa jina.

Jambo jingine: dereva wetu anaeleza ndani ya gari na mitaani. Kuongoza wageni ndani ya makumbusho kunahitaji mtu mwenye kadi rasmi ya taaluma hiyo, kwa hiyo ukitaka kuingia kwa Picasso unaingia mwenyewe, tunakutana nje.

Saint-Tropez mbona haimo? Ndiyo niliyoisikia tangu utotoni.

Hili hulalamikiwa kuliko yote, na bado hatuiweki. Saint-Tropez iko zaidi ya kilomita 100 kutoka Nice, kwenye rasi isiyo na reli. Magari yote hujikusanya kwenye barabara chache za mwisho, na Julai na Agosti foleni inaanza kabla hujaiona bahari. Ukienda na kurudi kwa siku moja ya Agosti, sehemu kubwa ya siku utaipitisha ukitazama namba za gari lililo mbele yako. Wapo wanaoiuza pamoja na Cannes na Port Grimaud kwa siku moja. Inawezekana. Uliza tu mnapata muda gani nje ya gari.

Ushauri wetu: ipe siku yake. Nenda Jumanne au Jumamosi asubuhi, siku za soko la Place des Lices. Panda treni hadi Saint-Raphaël, kisha boti katika msimu. Ni kama saa moja majini na hakuna foleni. Ukifika, kula tarte tropézienne, mkate laini uliojazwa krimu. Ulianzishwa na mwokaji mzaliwa wa Poland, Alexandre Micka, katika miaka ya 1950, wakati mwigizaji Brigitte Bardot alipokuwa akipiga filamu pale na kijiji cha wavuvi kikageuka kuwa kile unachokijua. Halafu ingia Musée de l'Annonciade, kanisa dogo la zamani lenye picha za mchoraji Paul Signac na wenzake. Watu wanapita mbele ya mlango wake wakielekea kupiga picha boti.

Na kama unapitia Saint-Raphaël, usiache Fréjus, mji wa jirani. Kuna jengo jekundu linaloitwa Msikiti wa Missiri, lililojengwa kuelekea mwaka 1930 na askari wa Kiafrika wa jeshi la Ufaransa kwa kuiga Msikiti Mkuu wa Djenné, Mali, ila kwa saruji badala ya udongo. Tangu Vita vya Kwanza vya Dunia askari kutoka Afrika Magharibi walikuwa wakiletwa kwenye kambi za huko kukwepa baridi ya kaskazini. Jengo lilikuwa zaidi mahali pao pa kukutana kuliko pa kusali. Agosti 1944 askari wengine wengi wa Kiafrika walitua pwani hii hii na kwenda kuikomboa Toulon na Marseille. Habari hizo hazimo kwenye vipeperushi vya boti za kifahari.

Nisipande treni mwenyewe?

Panda. Treni za mkoa zinapita Cannes, Antibes, Nice, Villefranche na Monaco, mara kwa mara, na nauli yake ni ndogo sana ukilinganisha na yetu. Nice hadi Monaco ni dakika ishirini na kitu. Ukiwa kijana, una siku tatu, na hujali kusimama ndani ya behewa lililojaa, hutuhitaji.

Tatizo ni Èze. Kituo kinachoitwa Èze-sur-Mer kiko chini kabisa ufukweni, kijiji kiko juu mlimani, na kati yao kuna njia ya miguu ya mawe inayochukua zaidi ya saa moja ya kupanda, yenye jina la mwanafalsafa Nietzsche. Kila wiki kuna watu wanaoshuka hapo wakiamini kijiji kiko nyuma ya kituo. Kuna basi la kwenda juu kutoka Nice, ila kuliunganisha basi hilo na miji mingine mitatu kwa siku moja ni kazi ya kukimbia. Kwa hiyo unachotulipa ni kukuunganishia njia na kukusimulia. Milango yote iko wazi bila sisi.

Monaco ni nchi nyingine. Je, viza yangu ya kuingia mara moja itaharibika?

Haiharibiki. Monaco ni nchi kamili yenye mtawala wake, Prince Albert II, ukoo wa Grimaldi ulioishika tangu 1297, na eneo la kilomita za mraba 2 na kidogo. Lakini haina ukaguzi wa mpaka na Ufaransa, inatumia euro, na kwa mambo ya viza inahesabika ndani ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Utaona kibao tu barabarani, pengine usikione.

Wenye pasipoti za Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wanahitaji viza ya Schengen, pamoja na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Anayeishi Ujerumani au Ubelgiji kwa kibali cha ukaazi anakuja nacho pamoja na pasipoti. Wanaoishi Uingereza, hapa wengi hukosea: kibali cha Uingereza hakikuingizi Ufaransa. Pasipoti yenyewe ibebe siku ya safari, si picha yake kwenye simu. Barua za mwaliko hatuandiki.

Sina pesa za kitajiri. Nitafanya nini huko zaidi ya kutazama?

Kutazama ndiyo shughuli yenyewe. Boti hazilipishi macho. Croisette, barabara ya ufukweni ya Cannes, ni ya umma, uwanja wa mbele ya kasino ya Monte Carlo ni wa umma, magari yaliyopangwa pale yanapigwa picha na kila mtu, na bandari ya Monaco inazungukwa kwa miguu. Kinacholipiwa pwani hii ni kukaa. Kahawa ile ile ukiinywa umesimama kwenye kaunta ya mtaa wa nyuma ni bei ya kawaida. Ukiinywa kwenye kiti kinachotazama kasino unalipia kiti, mwavuli na watu wanaopita. Fukweni ni hivyo hivyo: kitanda cha kujilaza ni cha kukodi, mchanga wa sehemu ya umma ni bure.

Maji ya bomba ni salama, na mkahawani nchini Ufaransa ukiagiza chakula una haki ya jagi la maji ya bomba bila malipo. Sema *une carafe d'eau*. Usiposema utaletewa chupa, na chupa ina bei. Huduma imo tayari ndani ya bili. Bakshishi ni hiari yako.

Na kabla ya yote sema *bonjour*. Mtu wa pwani ya kwetu atalielewa hili haraka kuliko mtalii mwingine yeyote: humwendei mtu kwa shida yako kabla ya salamu. Wageni wengi wanaosema Wafaransa ni wakali wameingia dukani wakauliza bei moja kwa moja.

Chakula cha mchana kimo kwenye bei? Na halali?

Hakimo. Tunapendelea mle asubuhi sokoni Antibes, kidogo kidogo, kisha Èze mle kitu chepesi. Majiko mengi ya mikahawa hufungwa saa 8 mchana, na ukifika saa 8:15 hakuna wa kukuonea huruma.

Halali kamili ni vigumu kuipata njiani; Nice jioni ni rahisi zaidi. Mchana shikilia samaki, mboga na *socca*. Socca ni unga wa dengu, ule ule wa bajia, uliokorogwa kwa maji na mafuta ya zeituni, ukamiminwa kwenye sinia kubwa la shaba na kuokwa kwenye tanuri la kuni. Hukatwa vipande, hupakwa pilipili manga, huliwa moto kwa mkono. Ikipoa haina maana. Kuna pia *pan bagnat*, mkate wa duara wenye samaki jodari, yai, zeituni na mboga. Neno la kuogopa kwenye menyu ni *lardons*, vipande vidogo vya nguruwe ambavyo huwekwa hata kwenye saladi. *Jambon* nayo ni nguruwe.

Swala: kwenye vituo vyetu hatupiti msikitini. Mahali patulivu pa Adhuhuri tunapatafuta Èze, na anayekusanya na asiyekusanya, hilo ni lake na fikihi yake.

Kwenye kasino tunaingia?

Ukumbi wa mbele unaingia kuutazama. Vyumba vya kuchezea hufunguliwa alasiri, kwa waliotimiza miaka 18 na wenye kitambulisho, na kaptula na ndala zitakurudisha mlangoni. Tunafika Monaco muda huo huo, kwa hiyo anayetaka anapata nafasi. Hatukai kumsubiri anayeshinda wala anayeshindwa.

Raia wa Monaco wenyewe wamekatazwa kucheza humo. Kasino ilianzishwa katika miaka ya 1860 kwa sababu nchi ilikuwa maskini: ilikuwa imepoteza Menton na Roquebrune, sehemu kubwa ya ardhi yake, pamoja na malimau na zeituni zake. Mtawala wa wakati huo, Charles III, ambaye kilima kile cha Monte Carlo kimepewa jina lake, alimkabidhi biashara mtu aliyeijua, François Blanc, na mwaka 1869 kodi za moja kwa moja kwa raia zikafutwa. Pesa za wageni zilitosha. Ukisimama pale uwanjani ukashangaa majengo marefu yaliyobanana hadi kuziba mlima, sababu yake ni kufutwa kwa kodi hiyo.

Uwanja ambao Faith Kipyegon alivunja rekodi uko huko?

Uko, na tunaupitia. Hili ndilo swali ambalo makampuni ya hapa hawaulizwi na sisi tunaulizwa karibu kila safari. Ni Stade Louis II, mtaa wa Fontvieille, upande wa magharibi wa Monaco, kwenye ardhi iliyotwaliwa baharini. Kwa kukosa nafasi, uwanja umejengwa juu ya maegesho ya magari. Wachezaji na wakimbiaji wako orofani.

Tarehe 21 Julai 2023 Kipyegon alikimbia maili moja kwa dakika 4:07.64, akiipunguza rekodi ya dunia kwa zaidi ya sekunde nne, na rekodi ile aliyoivunja ilikuwa imewekwa kwenye uwanja huo huo. Tarehe 14 Agosti 2020, wakati wa korona, Joshua Cheptegei wa Uganda alikimbia mita 5,000 kwa 12:35.36, akaiondoa rekodi ya Kenenisa Bekele iliyokaa miaka 16. Na tarehe 20 Julai 2018 Beatrice Chepkoech alikimbia mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwa 8:44.32, sekunde nane chini ya rekodi iliyokuwepo. Jioni za Julai pale huwa tulivu, bila upepo mwingi, na waandaaji huweka ukingoni mwa njia taa za mwendo, zinazomwonyesha mkimbiaji kasi ya kushika. Shirikisho la riadha la dunia nalo lina makao yake Monaco.

Ndani hatuingii. Tunasimama nje dakika chache. Wakenya hupiga picha, Waganda huuliza kama Cheptegei ana bango lake.

Ni kweli Mobutu alikuwa na nyumba hapa?

Kweli. Iliitwa Villa del Mare, Roquebrune-Cap-Martin, mashariki kidogo ya Monaco. Ndiko alikojiuguza mwishoni mwa 1996 baada ya upasuaji Uswisi, huku mashariki mwa Kongo vita vikiendelea. Haiko kwenye njia yetu na ni makazi ya watu.

Tunachopita kwa karibu ni Cap Ferrat, rasi ya miti unayoiona kushoto tukirudi kutoka Beaulieu. Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, ambaye aliimiliki Kongo kama shamba lake binafsi kuanzia 1885 hadi 1908, alinunua ardhi nyingi hapo na Villefranche. Villa Les Cèdres aliipata mwaka 1904, miaka ile ile ambayo habari za mikono iliyokatwa kwa ajili ya utomvu wa mpira zilikuwa zikienea Ulaya. Mwaka 2019 nyumba hiyo iliripotiwa kuuzwa kwa euro milioni 200. Lango lake halina maelezo ya kutosha, kwa hiyo maelezo tunayatoa sisi garini, na wageni wetu wa Lubumbashi na Goma mara nyingi huyaongezea.

Nitapanda ngazi zenye zulia jekundu Cannes?

Ngazi zipo mwaka mzima mbele ya Palais des Festivals, ukumbi wa tamasha la filamu, na kupanda ni bure kama hakuna mkutano uliozizingira. Usitegemee uzuri wa jengo. Ni saruji ya miaka ya 1980, na wenyeji wenyewe huliita handaki. Karibu yake kuna alama za viganja vya waigizaji ardhini. Tamasha lenyewe lilianza 1946 na hufanyika Mei. Mwaka 2018 filamu ya Kenya iliingia kwenye orodha rasmi kwa mara ya kwanza.

Nje ya tamasha, Cannes kwetu ndiyo kituo chepesi kuliko vyote: hoteli, maduka, mitende. Ukiwa na siku ya ziada, panda boti ya robo saa hadi kisiwa cha Sainte-Marguerite, penye ngome alimofungwa yule mfungwa wa kinyago, mtu wa karne ya 17 aliyefichwa uso na jina. Huko kuna msitu, na kelele za Croisette hazifiki.

Niende mwezi gani?

Mei mwanzoni, Juni baada ya mbio, Septemba. Mwishoni mwa Mei hadi mwanzoni mwa Juni angalia kalenda ya mbio za magari za Monaco: barabara zinazopitwa na mbio ndizo barabara za mji, vyuma na majukwaa huwekwa wiki nyingi kabla, na siku za mbio zenyewe hatuendi. Wakati wa tamasha Cannes tunapita bila kusimama, au tunaibadilisha na muda zaidi Antibes. Agosti ni joto, watu na foleni.

Msimu wa baridi unadharauliwa bure. Pwani hii ilipata umaarufu kwa wageni wa majira hayo, Waingereza na Warusi waliokimbia theluji katika karne ya 19. Barabara ya Promenade des Anglais ya Nice ni ya Waingereza hao. Kukaa juani kiangazi kulianza kuwa fasheni katika miaka ya 1920. Januari mchana ni nyuzi 13 hivi, baridi kuliko Nairobi ya Julai, lakini anga ni bluu na Èze unaitembea bila kusukumana. Giza linaingia saa 11 jioni, kwa hiyo tunaondoka nusu saa mapema.

Mimi navaa hijabu. Kuna shida? Na kuogelea?

Hijabu barabarani, mkahawani, Monaco: hakuna shida. Kufunika uso mahali pa umma ni kosa kwa sheria ya Ufaransa ya 2010. Kuhusu vazi la kuogelea linalofunika mwili, mwaka 2016 miji kadhaa ya hapa, Cannes ikiwemo, ililipiga marufuku, na mwezi Agosti mwaka huo mahakama ya juu ya utawala ikasimamisha marufuku ya Villeneuve-Loubet. Safari yetu haina muda wa kuogelea, lakini maswali haya hutufikia kwa ajili ya siku nyingine.

Upande wa pili: Monaco hairuhusu mtu kutembea mjini kifua wazi au na nguo za kuogelea. Kijana anayetaka kuringa na misuli asubiri ufukweni.

Nakuja na mama, ana shida ya magoti. Na mtoto wa miaka minne.

Shikamoo kwa mama. Antibes ni tambarare kiasi, Cannes ni tambarare kabisa, na Monaco ina lifti na ngazi za umeme za umma mitaani, bure, ambazo wageni wengi hawajui kama zipo. Èze ndiyo ngumu: mawe, ngazi, mteremko, na bustani ya juu kabisa ni ya kupanda. Mama anaweza kubaki chini ya kijiji mahali penye viti na kivuli, na si kwamba amekosa kila kitu. Tuambie mapema tumpe kiti cha mbele.

Mtoto chini ya miaka 10 lazima awe na kiti chake nyuma. Tunacho, tupe umri na uzito.

Barabara za mlimani ni kona juu ya kona. Anayetapika garini asile sana Antibes.

Simu itafanya kazi Monaco?

Itafanya, na hapo ndipo hatari ilipo. Monaco haimo Umoja wa Ulaya na ina mtandao wake. Kifurushi chako cha Ulaya huenda hakiihesabu, na simu hurukia mtandao huo bila kukuuliza. Zima data ya nje kabla hatujaingia, au uliza kampuni yako ya simu.

Nikiahirisha? Mvua ikinyesha?

Masharti na bei yako kwenye ukurasa wa kuweka nafasi. Mvua haituzuii; upepo mkali na barabara kufungwa ndivyo vinavyobadilisha njia.

Na nikichelewa asubuhi?

Tunasubiri dakika 10. Ukishindwa, panda treni ya kwanza ya Antibes utukute sokoni. Kutoka kituoni ni kama robo saa kwa miguu kupitia bandarini. Mpigie dereva ukiwa tayari umekaa kwenye treni, si ukiwa bado hotelini.